Pingamizi la Shamba la Chini

Mawe ya mipaka tuliyaona asubuhi moja baada ya masika, yamepakwa rangi nyekundu, yamepangwa katika shamba la chini. Zamani lilikuwa shamba la kahawa la ushirika. Kahawa ilipokufa, wanawake wa kijiji wakawa wanakata humo majani ya ng'ombe, na mfereji uliochimbwa na babu zetu ukaendelea kupita katikati kwenda kwenye migomba yetu. Mtendaji wa kijiji akatuambia kuna kampuni inataka kujenga nyumba za kuwauzia watu wa mjini.

Mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo kazi ya kuandika barua ya pingamizi ikaniangukia. Majirani waliweka saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Barua nikaipeleka kata. Kata wakasema suala hilo ni la wilaya. Wilayani nikaambiwa afisa ardhi yuko kwenye semina, nirudi wiki ijayo. Niliporudi, nikaambiwa barua haikupitia kwa mtendaji. Nikaanza upya.

"Leo tena?" mke wangu aliuliza kila aliponiona nikivaa viatu.

"Leo tena."

Ilipita miezi kabla mkutano wa hadhara haujaitishwa, kwenye uwanja wa shule niliyokuwa nikifundisha. Afisa ardhi alikuja na ramani. Nilisoma pingamizi letu lote: majani, mfereji, maji machafu yatakayoshuka kwa majirani wa chini. Watu wakapiga makofi. Afisa akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti, na aliyesimama alikuwa binti yangu wa mwisho. Anauza dawa za mifugo Moshi mjini, na amepanga chumba kimoja na watoto wake wawili.

"Shikamooni wazee," alisema. "Baba, samahani. Kihamba, shamba la urithi, mmempa kaka, ndiyo desturi yetu, silalamiki. Lakini sisi wengine tuliozaliwa hapa tutajenga wapi? Hizo nyumba siwezi kuzinunua. Ila kwa nini tusiombe viwanja vyetu humo, badala ya kukataa kila kitu?"

Hakuna aliyepiga makofi. Katika kila barua nilikuwa nimeandika "vizazi vijavyo", na sikuwahi kumuuliza yeye hata mara moja.

Tukipanda kurudi nyumbani aliniuliza, "Umenikasirikia?"

"Nimechoka tu," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Niliandika barua moja zaidi, ya kuomba alichokisema. Uamuzi ulipotoka, kampuni ilikuwa imepata sehemu kubwa ya shamba. Mfereji uliachwa. Watoto wa kijiji walitengewa viwanja vichache upande wenye ardhi ya mawe, vigawanywe kwa kura. Siku hizi wanawake wanapanda mlimani mbali zaidi kutafuta majani, na wanarudi jua likiwa utosini. Wengine wameuza ng'ombe. Wakinikuta njiani hunisalimia vizuri, hawaulizi kitu.

Jina la binti yangu halikutoka kwenye kura. Alinipigia simu siku hiyo hiyo, akanipa pole mimi, kana kwamba ni mimi niliyekosa kiwanja.

"Huenda wakagawa vingine," nikamwambia.

"Sawa, baba," alisema, kisha akaniuliza kama nimekula.