Saini ya Golikipa

Wanaonijua husema napenda kutia chumvi. Sawa. Lakini katika hili sijaongeza hata punje, na ukitaka cheka, mimi nilishamaliza kucheka.

Niliacha shule kidato cha pili kule Nakuru, nikazurura huku na huko mpaka nikatua Landani miaka ya tisini. Nilipanga chumba Kilburn, nikawa nasafisha ofisi alfajiri huku nikingoja jambo moja tu: karatasi za kukaa. Bila hizo, nikitoka sirudi, na mama yangu sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Macho yake yalikuwa yanazima.

Kungoja humtia mtu wazimu. Mimi kulinitia hoki. Kwenye duka la mitumba nilinunua picha ya zamani: timu ya hoki ya Kenya, wanaume kumi na mmoja, wengi Kalasinga wenye vilemba. Nikasikia kwamba wengi wao wanaishi hapahapa Landani. Je, nikipata saini za wote?

Usidhani ni kazi rahisi. Mmoja alinipa chai na sambusa, akanisimulia goli moja kwa saa tatu, kisha akalala kabla ya kutia saini. Mwingine alinifukuza akidhani mimi ni mtu wa kodi. Hata hivyo nilifika kumi.

Alibaki golikipa. Kila nilipomtaja, watu walibadilisha mazungumzo. Mzee Mohan, beki kwenye picha ile, alikuwa na duka la vitambaa Neasden, na nilimsumbua kila wiki.

"Wewe kijana sumbua sana," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Kumi natosha. Iko siku sisi nacheza kumi, na nashinda."

"Mzee, nipe anwani tu."

"Yeye hana anwani. Kula bhajia, enda nyumbani."

Laiti ningemsikia!

Jumamosi moja ya Desemba nilikwenda kutazama maveterani wakicheza. Mechi iliisha, taa zikazimwa, na saa kumi na moja jioni ilikuwa giza, umebaki mwanga wa taa za barabarani tu. Nilikuwa naondoka nilipoona mtu bado yuko golini. Alivaa miguuni pedi nene za ngozi za kukinga mpira, zile za zamani, na ameinama kama mpira unakuja. Nilisogea. Sura ilikuwa ile ya kwenye picha, na haikuwa imezeeka hata siku moja.

Kwa nini sikukimbia? Niamini, miguu ilitaka. Lakini mkusanya saini ni kama mlevi: mkono ulikwenda wenyewe kwenye kalamu, nikamnyoshea pamoja na picha.

Kalamu iliyogoma kwa baridi kutwa nzima ilimwandikia bila shida. Hapo nikaona jambo. Pumzi yangu ilitoka kama moshi. Yake haikuonekana.

"Mimi nakupa yangu," alisema. "Sasa wewe nipe yako. Baada ya mechi sisi nabadilishana."

Akatoa kikaratasi ndani ya glavu. Nani aliwahi kuniomba saini maishani? Nilivimba kichwa. Wenzangu wa kukusanya saini wakiombwa hivyo huchora ovyo tu, kwa mzaha. Mimi nilitia ile halisi, ya pasipoti.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Sasa naenda nyumbani," alisema, akaondoka na zile pedi nzito bila kishindo.

Kesho yake Mzee Mohan aliiona picha, akaisukuma mbali.

"Huyu sisi nachoma mwili yake hapahapa Landani! Miaka yote analia kurudi Kenya, karatasi nakataliwa. Anaanguka golini, anakufa." Akanikazia macho. "Wewe nampa nini?"

"Saini yangu, mzee."

Alikaa juu ya robota la kitambaa. Hakunitania tena tangu siku hiyo.

Fomu zangu zilipofika, nilishika kalamu, na mkono ukaandika saini ya golikipa. Nikajaribu tena. Nikajaza daftari zima. Ileile. Fomu zikarudishwa: saini haifanani na ya pasipoti.

Kisha mama akapiga simu.

"Mwanangu, Jumapili ulipokuja, mbona hata chai hukugusa? Na mikono baridi namna ile?"

Nilidhani ni ugonjwa. Lakini alisema tulikwenda kanisani pamoja, nikaandika kwenye kitabu cha wageni. Nilimwomba dada yangu anitumie kopi ya ukurasa ule. Ilifika kwa posta. Saini ilikuwa yangu, haikukosewa hata mkia.

Mama alifariki akiamini nilikuja. Mimi sijafika hadi leo, na kila fomu natia dole gumba, karani akinitazama kama mjinga. Kwa hiyo wewe unayesoma, usiyemjua akikuomba saini, hata kwa heshima, hata kwa sifa, usimpe ile ya kweli. Wako watu ambao hawana njia nyingine ya kufika kwenu.