Nilijibu Ndiyo Bila Kusoma

Mwaka 2014 nilikuwa nachapa barua dukani Kasulu. Siku moja umeme ulikatika mjini, jenereta ikawa kwetu tu. Mwalimu mmoja alisubiri barua ya kuomba uhamisho, amfuate mumewe Tanga. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku ileile.

Kompyuta yetu pekee ilikuwa nzito, nikaandika amri ya kuondoa programu ya muziki. Ikaorodhesha nyingine nyingi zitakazoondoka nayo, ikauliza kama nakubali. Nikajibu ndiyo, kama nilivyozoea. Zikafutika hata zile zinazoendesha skrini, ikabaki nyeusi. Kuzirudisha kulitaka intaneti, nayo haikuwepo.

“Dada, umeiua?”

“Nimeiua, mwalimu.”

“Haya, nipe karatasi.”

Akaandika kwa mkono. Barua ilikataliwa kwa kuwa haikuchapwa. Pengine wangemkatalia tu, sijui. Ila kompyuta iliniuliza. Sikulia wala nini, nikafagia duka.