Kidole Juu ya Kitufe

Juzi hapa Tukuyu nilikuwa stesheneri kutoa kopi moja ya cheti changu. Pembeni, binti mmoja alikodolea macho laptopu, kidole kikisita juu ya kitufe cha kufuta. Anajifunza kuandika maagizo ya kuzifanya seva zijipange zenyewe, na mazoezi anayafanyia ndani ya kontena, yaani kijikompyuta kilichomo ndani ya kompyuta. Kontena lilikuwa limegoma.

"Mwalimu kasema nilifute, nianzishe jipya," alimwambia mama yake aliyesimama kando, mkulima wa ndizi kutoka kijiji cha Kinyala.

"Sasa unaogopa nini? Migomba si tunakata kila siku? Umebakiza chipukizi la kuota tena?"

Binti akafungua folda ya akiba, nje ya kontena. Tupu.

"Mama, kazi yote imo humo humo."

"Basi toa mkono hapo!"

Zamu yangu ilipofika, nikaomba kopi tatu.