Herufi moja kwenye email iliniweka roho juu siku ya mwisho ya returns

Wakuu, hamjambo huko mliko? Naandika kutoka Mogogosiek. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi, maana hata bila chumvi yalinitosha.

Naitwa Chebet. Nashona aproni za plastiki, zile wachuma chai huvaa wasilowe na umande. Nina cherehani tatu, na kina mama wawili nashona nao.

Mwaka huu shamba moja kubwa la chai likatupa oda ambayo hatujawahi kuona. Sharti lao lilikuwa moja: nilete tax compliance certificate, cheti cha kuonyesha sidaiwi ushuru, wiki ya kwanza ya Julai, la sivyo wampe mtu mwingine.

Mnajua ukichelewesha returns, ile ripoti ya mapato ya kila mwaka, hata siku moja, penalty inaingia. Na hiyo certificate utaiona kwa macho tu mpaka umalizane nayo.

Na mimi, kama Mkenya yeyote mwenye akili zake, nikangoja tarehe thelathini Juni, siku ya mwisho.

Sasa sikieni. PIN yangu ya ushuru niliandikishwa miaka mitatu iliyopita na dada mmoja Mkisii, Nyaboke, aliyekuwa na cyber, duka la intaneti, kule Chepilat. Kila mwaka nampigia simu, ananifilia. Password ya akaunti yangu ya ushuru ilikaa kwa daftari lake, mimi hata siijui. Msinicheke, nusu yenu password zenu ziko kwa cyber hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo napiga, hapatikani. Jirani yake akaniambia alifunga duka akahama.

Nikaingia cyber ya hapa kwetu. Mwenyewe, Mama Faith, akasema hakuna shida, tunabadilisha password, link inakuja kwa email yangu.

Tukangoja. Hakuna kitu. Spam, hakuna. Akatuma tena. Saa tano ikapita, saa sita ikafika.

"Chebet, una hakika hiyo ndiyo email yako?" akaniuliza.

Nikakimbia nyumbani kutafuta ile karatasi ya PIN, nikaisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Mahali pa email palikuwa na jina langu, lakini limeandikwa Chepet. Na P.

Wakuu, nilikaa chini.

Sisi Wakipsigis, B na P mdomoni ni ndugu. Nilimsomea Nyaboke herufi moja moja, B yangu ikatoka P, naye akaandika alichosikia. Miaka mitatu email haisemi kitu, mimi najua niko salama. Kumbe barua zangu za ushuru zilikuwa zinaenda kwa mtu nisiyemjua, au hewani tu.

Mama Faith akasema, "Hiyo mimi siwezi badilisha hapa. Enda ofisi ya ushuru Kericho na ID, na uharakishe, leo kuna watu mob."

Njia nzima nilikuwa nawaza nitawaambia nini wale kina mama. Niliomba Mungu kwa Kipsigis, Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Nilifika dirishani saa kumi kasorobo.

"Nisomee email, mama," karani akasema.

Nikasoma.

"Hapo katikati ni B ya baba ama P ya papai?"

"Ya papa," nikajibu.

"Papai?"

"Apana! Papa! Papa ya watoto!"

Watu nyuma wakacheka. Karani akaandika. Nikainama kuangalia screen yake.

Chepet. Tena.

Nikaona mdomo wangu hautanisaidia. Nikamwonyesha kwa mkono anipe kalamu, nikaandika B kubwa kwenye kiganja, nikakibandika kwenye kioo.

"Aa, pole madam," akasema, akafuta.

Link iliingia kwa simu nikiwa bado hapo. Nikafile kwa cyber iliyokuwa karibu, receipt ikatoka, nikalia mbele ya watu bila aibu. Certificate nilipata na oda ni yetu.

Nilichojifunza: password yako ikae kwako. Email yako iandike kwa karatasi, usimsomee mtu. Na usingoje siku ya mwisho, maana siku ya mwisho ndiyo kosa la zamani huamka. Kuomba kalamu ni aibu ya dakika moja tu.

Wiki hiyo niliwaambia wale kina mama wawili walete karatasi zao za PIN tuangalie. Mmoja anaitwa Betty. Email yake imeandikwa Petty. Alikuwa bado hajafile, na Juni ilikuwa imeisha.

Kabla hamjaanza kunitania hapa chini, toeni karatasi zenu za PIN kwanza mzisome herufi kwa herufi. Halafu mniambie mmekuta nini, na kama kuna anayejua njia ya kumsaidia Betty, aandike.