Babu Avuliwe Viatu

Juzi katika studio moja ya picha hapa Kashaulili nilikuwa tayari nimevaa koti la studio, lile tunaloazimwa wote kwa picha ya pasipoti. Mbele yangu bibi mmoja alikuwa akionyeshwa picha ya babu yake, aliyevuka ziwa enzi za wakoloni kwenda kucheza mpira Kongo. Fundi alikuwa ameisafisha kwa kompyuta, na kwa wema wake akamvisha mzee viatu vya mpira.

Bibi akagonga kioo kwa ukucha. "Mjukuu wangu, mvue. Alicheza pekupeku. Wenye viatu ndio walikuwa wanamkimbia."

Fundi akabofya, vidole kumi vikarudi. Foleni nzima tukashangilia kama goli limeingia.

Zamu yangu ilipofika, nikalivua koti.