Mama Alipopanda Maua ya Buluu Spånga

Udongo wa Spånga, kitongoji cha Stockholm, ulinukia baridi hata mwezi wa tano, kama jiko lililokaa siku nyingi bila moto. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza. Baba alikuwa akisomea uhandisi mjini, nasi tulipanga ghorofa ya juu kwa Margit, mjane wa Kiswidi mwenye maneno machache. Nikitoka shule nilikaa dirishani kusikiliza treni za kwenda Jakobsberg zikipita, wala sikuwa na rafiki wa kumngojea. Ndipo ikaja telegramu: bibi, mama yake mama, amefariki Machame na ameshazikwa. Kilichomuumiza mama zaidi ni kwamba waliachana wamenuniana, kwa kuwa bibi hakutaka binti yake aende mbali vile. Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hawezi kukataa kukusamehe. Mmea huohuo tunaupanda kaburini, nao hubaki kijani miaka yote. Stockholm mama angeupata wapi? Margit akampa kipande cha bustani na mbegu za blåklint, ua la buluu alilokuwa akimpandia marehemu mumewe.

Mama akazipanda, maua yakachanua mwezi wa saba, buluu ya kanga ambayo haijafuliwa bado. Kila jioni mama alishuka kuongea nayo Kichaga, nami nikabaki ngazini na wivu wangu, maana siku hizo mimi hakuniambia lolote zaidi ya kula na kulala. Mwezi wa tisa yakakauka yote. Mama hakujua kwamba kuna mmea wa kumkumbukia marehemu unaokufa. Akaketi palepale chini, akasema bibi amekataa. Margit akatoka, akapukutisha mbegu kutoka kwenye maua makavu, akamtilia mama kiganjani, akamweleza polepole kwamba haya hupandwa upya kila mwaka.

Mwaka uliofuata, mama akiwa anafukia mbegu, nilimuuliza kama bibi amesamehe.

"Isale unapeleka mara moja, mwanangu," akasema. "Maua haya, kila mwaka inabidi niombe tena."

Sasa mama naye amelala hapahapa Spånga. Siku hizi isale inauzwa kwenye maduka ya maua, watu wanaiweka sebuleni bila kujua kazi yake. Mimi humpandia mama blåklint. Hatukukosana, kwa hiyo sina msamaha wa kuomba. Ninampa tu habari za nyumbani kwa Kiswahili, kwa kuwa wanangu hunijibu Kiswidi, na sina mwingine wa kuzungumza naye.