Ukungu wa Mwalimu Anifa

Mwalimu Anifa alitoka Korogwe kuja kufundisha fizikia Kasulu, na ubishi alikuja nao. Mwanafunzi wa kujivunia alikuwa naye mmoja tu, Ndayikunda, na huyohuyo ndiye ambaye baba yake, mzee Leonidasi, alitaka kumwozesha kijijini Gwarama.

"Nionyeshe hicho anachosomea," mzee alimwambia. "Nikikiona kwa macho yangu, atabaki shule."

Jamani, si angeanza na darubini! Kwa pupa zake akatoa simu, akamwonyesha picha ya nebula, yaani wingu la vumbi na gesi ambamo nyota huzaliwa. Picha ilipigwa kwa mionzi ya infraredi, ambayo hupenya vumbi, na humo ndani nyota changa zilijaa tele, nyekundu na za dhahabu. Mzee alikunja uso. Picha anazijua. Alipokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, binamu yake alimletea picha ya nyumba yao ya Burundi, bati jipya, mlango wa buluu. Akafungasha, akavuka mpaka na mkewe mgonjwa, wakakuta majani matupu. Mkewe akazikwa hukohuko, yeye akarudi Kasulu. Masikini Anifa, hayo hakuna aliyemwambia.

Giza lilipoingia na anga limetakata, Anifa alimpa mzee darubini aliyoazima kwa askari wa wanyamapori, akamwelekeza kwenye nyota tatu zilizojipanga, kisha pembeni kidogo. Mzee akatazama weee.

"Naona ukungu."

"Ndiyo yenyewe, mzee wangu! Nyota zimo ndani. Mwanga wake unazibwa na vumbi, kinachopita ni joto, na joto hilo macho yetu hayalioni."

"Eka, hapana! Kumbe hazionekani."

"Kwa macho hapana, lakini..."

"Basi, mwalimu. Nimesikia."

Anifa hakusema uongo hata neno moja, na kila neno lilizidi kumpoteza yule mtoto. Akamgeukia Ndayikunda, karibu kulia. "Mwambie baba yako. Wewe si unajua?"

Ndayikunda alipokea darubini, akatazama, akairudisha kwa mikono miwili huku amepiga goti.

"Mwalimu," alisema taratibu, bila kumtazama yeyote, "hata mimi naona ukungu."

Akamfuata baba yake. Aliolewa kabla mvua hazijakatika.